Kilomita 128 za Hisani: Bagamoyo hadi Msata na Kurudi kwa Baiskeli

Barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata ina kilomita 64, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 128. Kwa mwendeshaji mmoja aliyezoea ni kazi ya saa chache. Kwa kundi la watu 30 wenye umri tofauti na baiskeli tofauti, wanaochangisha fedha za madawati au vifaa vya wodi ya wazazi, ni siku nzima. Na siku hiyo haiharibiki asubuhi. Huharibika mchana, kwenye zile 64 za kurudi, jua likiwa utosini na upepo wa bahari ukiwapiga watu usoni, wakati walioondoka alfajiri kwa mbwembwe wanasimama kwenye kila mwembe kutafuta kivuli.

Kwa sababu hiyo, msafara wa hisani hupangwa kinyumenyume. Unaanza na mtu wa mwisho kwenye kundi, katika saa ngumu kuliko zote, unauliza atahitaji nini ili afike kabla ya giza, kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi saa ya kuondoka. Ukipanga kwa kuwafuata wenye baiskeli za mashindano, utapata picha nzuri za asubuhi na watu kumi waliotawanyika porini jioni.

Upepo na saa

Bagamoyo iko ufukweni, Msata iko bara upande wa magharibi, na nchi inainuka taratibu kwa vilima vya kupanda na kushuka. Asubuhi na mapema hewa huwa imetulia. Jua likishapasha nchi kavu, hewa ya bara hupanda na ile ya baharini iliyo baridi zaidi huingia kushika nafasi yake. Upepo huo huanza kusikika kabla ya adhuhuri na hukaza alasiri, na anayetoka Msata kurudi pwani huupokea kifuani. Juu yake kuna pepo za msimu. Kusi ya katikati ya mwaka humpiga anayerudi usoni kwa upande wa kulia, na kaskazi ya Desemba hadi Machi humpiga kwa upande wa kushoto.

Wengi hudharau jambo hili kwa sababu upepo hauonekani kama mlima unavyoonekana. Fanya hesabu. Nguvu ya hewa inayokuzuia hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokukabili. Ukienda kilomita 18 kwa saa hewa ikiwa imetulia, unakabiliana na 18. Ukitaka mwendo huohuo dhidi ya upepo wa kilomita 15 kwa saa, unakabiliana na 33, na kizuizi kinakuwa zaidi ya mara tatu. Miguu haina akiba ya namna hiyo, hivyo mwendo hushuka hadi 14 hivi bila mtu kuwa mvivu hata kidogo.

Ratiba inajengwa kwa tarakimu hizo. Kwenda: kilomita 64 kwa mwendo wa 18 ni kama saa tatu na dakika 35. Ongeza vituo viwili vya dakika 15, Fukayosi na Kiwangwa. Mkiondoka Bagamoyo saa 12:15 asubuhi, mtakuwa Msata kwenye saa 4:20. Pumziko la kula na kukagua baiskeli ni dakika 55, mnaondoka saa 5:15. Kurudi: 64 kwa mwendo wa 14 ni saa nne na dakika 35, pamoja na saa nzima ya vituo, kwa sababu mchana watu husimama mara nyingi zaidi. Mnaingia Bagamoyo kwenye saa 10:50 jioni. Jua la pwani hii huzama baada ya saa 12 jioni, kwa hiyo mna akiba ya zaidi ya saa moja. Akiba hiyo ni ya pancha, ya mtu aliyezidiwa na joto, ya mnyororo uliokatika. Isiliwe asubuhi kwa kusubiri hotuba ya mgeni rasmi. Kama lazima mgeni rasmi azungumze, azungumze jioni wakati wa mapokezi, au jana yake.

Kuna wanaopendekeza kulala kivulini Msata hadi jua lipoe. Wazo hilo lina ladha, lakini upepo hukaza kadiri alasiri inavyoendelea, misuli hukakamaa, na mkiondoka saa 8 mchana mtamaliza safari gizani kwenye barabara yenye mabasi. Mabasi mengi ya Tanga na Kaskazini hukatiza hapa kuelekea Dar es Salaam, na jioni yanakuwa na haraka. Heri joto na mwanga kuliko ubaridi na giza.

Weka pia saa ya mwisho ya kufika Msata: saa 5:15, kundi linapoondoka. Atakayekuwa hajafika anarudi kwa gari, na hilo litangazwe kabla ya siku ili lisionekane kama adhabu.

Kuhusu miezi, masika ya Machi hadi Mei si wakati wake. Bonde la Ruvu, ambalo barabara inalipita mapema baada ya kutoka mjini, hujaa maji, na lami iliyolowa huficha mashimo. Januari na Februari joto ni kali mno. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio msimu wa kuchagua, ingawa ni wakati wa kusi. Upepo unachosha, joto linaua.

Baiskeli

Ukaguzi ufanyike siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Vipuri vya Phoenix, baiskeli za kawaida zisizo na gia, na ndugu zake hupatikana kwa fundi yeyote wa baiskeli mjini Bagamoyo. Vya baiskeli za gia mara nyingi hulazimu mtu aende Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariakoo huwezi kwenda saa 4 usiku.

Anza na kiti, kwa sababu hakigharimu chochote na ndicho kinachoumiza wengi. Kaa juu ya baiskeli ukiwa umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke kabisa bila nyonga kuyumba. Ukihamishia unyayo wa mbele kwenye pedali, goti litakuwa limekunjwa kidogo tu, na hapo ndipo pake. Wengi huweka kiti chini ili miguu yote miwili iguse ardhi, na kwa kilomita kumi hawaoni tatizo. Baada ya kilomita 80, goti lililokuwa likikunjwa kupita kiasi maelfu ya mara huuma upande wa mbele, chini ya kifuniko chake. Kiti kilicho juu mno huumiza nyuma ya goti. Maumivu yenyewe yanakuambia pa kurekebisha.

Upepo wa matairi umeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Tairi pana la inchi 26 la baiskeli ya milimani hupenda psi 40 hadi 65, na kwenye lami jaza kuelekea juu. Tairi jembamba la mashindano la milimita 25 huenda psi 80 hadi 100 kutegemea uzito wa mtu. Kubonyeza kwa kidole hakutoshi. Tumia pampu yenye kipimo. Kisha jambo linalosahaulika katika makundi yenye baiskeli mchanganyiko: valvu ziko za aina tatu. Kuna nene kama ya gari, kuna nyembamba ndefu yenye kijinati cha kufungua juu, na kuna ile ya Phoenix yenye kipira ndani. Gari la msaada libebe pampu na vichwa vya kutosheleza zote, pamoja na vipira vya akiba, maana kipira kilichozeeka huvujisha taratibu na fundi asiyejua huhangaika kutafuta tundu kwenye tyubu ambayo haina tundu.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Kwenye mnyororo mpya, pini ya kwanza na ya ishirini na tano ziko umbali wa inchi 12 kamili. Ukikuta pini hiyo imepita alama kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, meno ya gia za nyuma yameshalika pia, na mnyororo mpya peke yake utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu kilimani. Mtu akikanyaga kwa nguvu kisha mnyororo ukaruka, anaanguka mbele juu ya usukani. Usibadilishe mnyororo bila gia za nyuma siku ya mwisho kwa kudhani umesaidia.

Paka mafuta kidogo kwenye kila kiungo, zungusha pedali nyuma, kisha futa yote yaliyo nje kwa kitambaa. Mafuta yanayofanya kazi ni yaliyo ndani ya viungo. Yaliyo nje hukamata mchanga, na mchanga wa pwani ukichanganyika na mafuta hutafuna chuma kama msasa.

Kwa Phoenix, kagua pini zinazoshika mikono ya pedali. Shika mikono yote miwili uitikise. Ikicheza hata kidogo, pini imelegea au imelika, na katika siku ya kilomita 128 itatoka. Pedali ya kushoto hufungwa kwa kuzungusha kinyume cha kawaida. Anayelazimisha kuifunga kama ya kulia anaharibu nyuzi, na mkono mzima unakuwa wa kutupa.

Kwa baiskeli za gia, jambo moja linastahili kurudiwa mara nyingi. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, hata ikiwa imesimama tu ukutani, kipande kinachoshikilia kibadilishia gia cha nyuma kinaweza kupinda kuelekea ndani. Gia nyingine zitaendelea kufanya kazi vizuri. Siku utakapokuwa kilimani na kuitafuta gia nyepesi kuliko zote, kibadilishio kitaingia kwenye spoki, gurudumu litakwama, na spoki kadhaa zitakatika kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo baada ya kila kuanguka, mtu asipande tena kabla ya kusimama nyuma ya baiskeli na kutazama kama kibadilishio kimenyooka sambamba na gurudumu. Kama kimepinda, asiguse gia nyepesi hadi fundi akinyooshe. Kwenye mapumziko, baiskeli zilazwe upande wa kushoto.

Pancha

Katika kundi la watu 30 pancha zitakuwepo. Nyingi husababishwa na vinyuzi vya chuma kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, vilivyolala pembeni mwa lami mahali baiskeli zinapopita. Ni vyembamba kama sindano na havionekani kwa macho. Ndiyo maana fundi anayebadilisha tyubu bila kukagua tairi huziba pancha ileile tena baada ya kilomita mbili. Pitisha kitambaa laini ndani ya tairi lote. Kitambaa hunasa pale penye kinyuzi, na vidole vinabaki salama.

Tundu lenyewe linasema chanzo chake. Tundu moja upande wa nje wa tyubu ni mwiba, waya au kioo. Matundu mawili yaliyo sambamba ni tyubu iliyobanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, dalili kwamba upepo wa tairi ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaotazama rimu, ni ncha ya spoki au utepe wa rimu uliohama. Hapo kiraka hakitasaidia kitu kabla utepe haujarudishwa mahali pake. Mpasuko kwenye shina la valvu hauzibiki, tupa tyubu.

Barabarani badilisha tyubu, usizibe. Kuziba kunahitaji subira: kwangua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka hadi mng'ao uondoke, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano hadi ikauke na isinate kwa kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni. Kosa la karibu kila mtu ni kubandika solusheni ikiwa mbichi. Kiraka kinashika kwa muda, kisha joto la lami ya mchana linakibandua. Kazi hiyo ifanyike Msata kivulini, tyubu zilizotobolewa zikishakusanywa.

Wakati wa kubadilisha, kundi zima lisisimame pembeni ya lami. Anabaki mwenye pancha, fundi, mfunga msafara (yule anayekaa mkiani) na wawili wenye nguvu. Wale wawili si wa kutazama. Tyubu ikishawekwa, ndio wanaokata upepo mbele ya mwenzao hadi kundi lipatikane, la sivyo atakimbiza peke yake na kuzitumia nguvu alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mchana.

Kichwa na mkia

Misafara ya wapagazi iliyokuwa ikitoka bara kuja Bagamoyo ilitanguliwa na kirangozi, na cheo hicho kinafaa kurudishwa kwa anayeongoza baiskeli. Kazi yake si kuwa na kasi. Kazi yake ni kushikilia 18 wakati miguu ya asubuhi inataka 25. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini inatosha kazi ngumu ya takribani saa moja na nusu hadi mbili. Anayeimaliza kabla ya Kiwangwa hawezi kuirudisha kwa chakula cha Msata, kwa sababu tumbo halipokei haraka hivyo. Mchague kirangozi ambaye ni mtulivu, na mwenye kipima mwendo kwenye usukani.

Mkiani anakaa mfunga msafara. Huyu ndiye mwendeshaji mwenye uzoefu kuliko wote, na hapiti mtu yeyote siku nzima. Ana simu yenye chaji, filimbi, na orodha ya majina. Watu wakihesabiwa kwenye kila kituo, namba yake na ya kirangozi zilingane kabla gurudumu moja halijageuka. Mtu anayejisaidia nyuma ya kichaka ndiye anayeachwa, na huachwa kimya kimya.

Watu 30 wasiende kama mstari mmoja. Wagawe makundi matatu ya kumi, kila kundi likiwa na kiongozi, mita 200 au zaidi kati ya kundi na kundi. Basi haliwezi kupita baiskeli 30 kwa mpigo mmoja bila kukutana na gari la mbele, na dereva akibanwa hurudi kushoto kwa nguvu, walipo waendeshaji. Akikuta kumi, anapita, anarudi upande wake, anajipanga upya. Ndani ya kundi ni mstari mmoja, upande wa kushoto, na nafasi ya urefu wa baiskeli moja kati ya mtu na mwenzake. Wazoefu hukaribiana zaidi ili kujikinga na upepo, ila kwa kundi la hisani lenye wageni nafasi hiyo isipunguzwe. Na gurudumu lako la mbele lisilale kamwe ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliyekutangulia. Yakigusana, wa mbele hata hajui, wa nyuma ndiye anayeanguka, na nyuma yake kuna wengine wanane.

Sauti ziwe fupi na zile zile: “Shimo kushoto!”, “Gari nyuma!”, “Nasimama!”. Kila mtu anarudia kumpelekea wa nyuma yake. Hakuna kufunga breki ghafla ili kumsalimia mtu. Watoto watakimbia pembeni wakitaka kugusana mikono. Waitikieni kwa sauti na tabasamu, mikono ibaki kwenye breki. Wazee mnaowapita mkiwa polepole vijijini wapewe shikamoo zao, maana mchana huenda ukaomba kivuli kwenye ua wao.

Basi likikupita kwa kasi, hewa hukusukuma kwanza pembeni, kisha nyuma yake hukuvuta kuelekea katikati ya barabara. Mvuto huo ndio wa hatari, kwa sababu mtu anakuwa ameshaanza kujirekebisha kutokana na msukumo wa kwanza. Kunja viwiko kidogo, shika usukani kwa uthabiti bila kukakamaa, endelea kukanyaga. Baiskeli inayokanyagwa hutulia kuliko inayoachwa iteleze. Kwenye bonde la Ruvu, ambako hakuna miti wala nyumba za kukinga, upepo wa ubavuni unaongezeka kwenye mpigo huo. Hapo nafasi kati ya watu iongezwe maradufu.

Vijijini kuna matuta, na kabla yake mara nyingi vituta vidogo vya mfululizo. Vituta hivyo hulegeza nati na kurusha chupa za maji. Inuka kidogo kutoka kwenye kiti, mikono ya pedali ikiwa usawa mmoja, magoti yalegee. Chupa ikianguka, iache. Mfunga msafara ataiokota.

Kundi linapotoka Msata, magari mawili ya msaada hugawana kazi. Kirikuu ya maji, yaani gari dogo la mizigo, hutangulia kilomita chache na kusubiri panapoonekana vizuri. Gari la nyuma hufuata kundi la mwisho likiwasha taa za hatari, lakini kila baada ya muda litoke nje ya barabara liruhusu foleni ipite. Dereva wa lori aliyezuiliwa kwa kilomita tano akipata nafasi hupita kwa hasira. Haya yote yakubaliwe mapema na polisi wa usalama barabarani wa wilaya, kwa barua yenye njia, saa na idadi ya watu, na hospitali ya wilaya ipewe taarifa. Namba ya dharura ni 112, iandikwe kwenye kila kadi ya mshiriki pamoja na namba ya ndugu yake.

Maji, chumvi, tumbo

Kadiria mililita 500 hadi 750 za maji kwa kila mtu kwa saa, mchana zaidi kidogo. Watu 30 kwa saa nane za kukanyaga, wastani wa mililita 700, ni lita 168. Beba lita 200 za kunywa, yaani madumu kumi ya lita 20, na mengine mawili ya kumwagia vichwa na kunawa mikono. Maji hayo mawili yawe na alama tofauti.

Jasho hutoka na chumvi. Anayekunywa maji matupu kwa wingi siku nzima hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba, kuchanganyikiwa, hufanana na za kiu, hivyo wenzake humsukumia maji zaidi. Muulize kwanza amekunywa kiasi gani na amekojoa mara ngapi. Kila dumu la pili litiwe mchanganyiko uleule wa kutibu kuharisha: kwa lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kusawazisha. Kwa dumu la lita 20 ni vijiko 120 na kumi. Ukikamulia ndimu, watu watakunywa bila kubembelezwa. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo. Yanywewe pamoja na kitu chenye chumvi.

Asubuhi, uji na chapati au mkate, saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Vitumbua viwili havina ubaya, sahani ya supu ya ng'ombe yenye mafuta ina ubaya. Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi mbivu moja au mbili, au tende chache pamoja na kiazi kitamu cha kuchemsha. Uanze kula kilomita 20 za mwanzo, kabla ya njaa. Kiwangwa ni nchi ya mananasi na hakuna atakayepita bila kuonja. Vipande viwili vitatu vinaburudisha. Nanasi zima kwenye tumbo tupu huweza kuleta kiungulia. Msata, mama lishe aagizwe mapema: wali, maharage, mboga, sehemu ndogo. Nyama choma isubiri Bagamoyo.

Mavazi ni suala la ngozi. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila nguo ya ndani, kwa sababu mishono ya ndani ndiyo inayochuna, na mafuta mgando hupakwa kwenye mapaja kabla ya kuondoka. Ukipenda stara vijijini, vaa suruali nyepesi juu yake, na mguu wa kulia ufungwe kwa mpira usiingie kwenye mnyororo. Dada zetu wa hijabu wachague ya kuvaa kichwani bila pini, ili helmeti ikae vizuri na pini isimchome mtu akianguka.

Joto likimzidi mtu, mwanzo huchoka, hutoka jasho jingi, ngozi hupauka. Huyo apumzishwe kivulini, apewe maji ya chumvi na sukari, na asiendeshe tena siku hiyo. Akianza kuongea yasiyoeleweka, kupepesuka, au kushindwa kujibu yuko wapi, hiyo ni dharura, iwe anatoka jasho au hatoki. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa khanga na chochote kilichopo, msimpe kinywaji kama hawezi kumeza vizuri, na gari liondoke kwenda hospitali huku akiendelea kupozwa mwili humo garini.

Fedha na gari la nyuma

Misafara mingi huchangisha kwa ahadi ya kilomita: mfadhili anatoa shilingi kadhaa kwa kila kilomita ambayo mtu wake ataimaliza. Njia hiyo inavutia watu, lakini ndiyo inayomfanya mama wa miaka 50 mwenye kizunguzungu akatae kupanda gari, kwa sababu kila kilomita anayoiacha ni fedha inayotoka kwenye dawati la mtoto. Usimtwike mtu mzigo huo. Ahadi zote ziwe za msafara, kwa jumla ya kilomita zilizopangwa. Watu 30 kwa 128 ni kilomita 3,840. Duka lililoahidi shilingi 100 kwa kilomita litoe 384,000, aliyepanda gari na asiyepanda. Likubali hivyo kwa maandishi kabla ya siku. Ahadi zikiwa za wote, gari la nyuma linakuwa chombo cha kawaida kama kirikuu ya maji, na watu hupanda mapema wakiwa bado wanaweza kutembea, badala ya kubebwa.

Kiingilio cha washiriki kilipie mafuta ya magari, chakula, maji na fundi. Michango iende yote ilikoahidiwa, kwenye namba au akaunti ya pekee, na watu watatu wawe na uwezo wa kuona kila kinachoingia. Ukichanganya mifuko hii miwili, hata ukiwa mwaminifu kupita wote, hutaweza kuonyesha shilingi ipi ilinunua dizeli na ipi ilinunua ubao. Kama lengo ni madawati, mlipeni seremala moja kwa moja kwa awamu na kuyapokea pamoja na mwalimu mkuu, badala ya kukabidhi bahasha.

Jioni mkifika, hesabu watu mara ya mwisho, piga simu polisi na hospitali kuwaambia msafara umefungwa, kisha kusanya tyubu na pampu zilizoazimwa kabla watu hawajaanza kutawanyika. Wafadhili wapigiwe simu kesho yake, kilomita zikiwa bado midomoni mwa watu. Ahadi inayofuatiliwa baada ya mwezi hulipwa nusu. Mapato na matumizi yabandikwe shuleni au kwenye kituo cha afya kilichochangiwa, yakiwa na jina la kila aliyetoa isipokuwa aliyeomba lisitajwe, na orodha ya ahadi ambazo hazijalipwa ibaki kwa mweka hazina hadi zilipwe.